Kwa Mwanaisha, kuhusu Poppy

Mpenzi Mwanaisha,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote hapo nyumbani. Mimi ni mzima, hofu ni kwako. Nimekaa kimya tangu Idi kwa sababu lile neno ulilolisema mbele ya Kassim, kwamba Poppy, yule mwimbaji wa Marekani, ni mpiga kelele aliyeshindwa muziki wa pop, liliniuma, nami sikutaka kukujibu kwa hasira.

Mwenzangu, ulimsikiliza dakika moja tu. Mwaka 2014 alianza na video fupi za YouTube: amekaa, anakula ile sukari inayosokotwa kama pamba, basi. Katika nyingine alilirudia jina lake kwa dakika 10, kwa sauti nyororo kama ya mwanasesere. Angeweza kubaki hapo, maana watazamaji alikuwa nao tele. Lakini katika albamu yake ya mwaka 2018 magitaa mazito yalianza kupenya, na mwishoni mwa 2019 akatangaza kuachana na mwenzake aliyekuwa akimtengenezea video hizo tangu mwanzo. Januari 2020 ikatoka albamu ya I Disagree.

Chukua wimbo wa Concrete, ule unaofungua albamu hiyo. Magitaa yananguruma, yanakatika ghafla, kisha inaingia kiitikio kitamu cha sauti zilizopangwa juu ya nyingine, na kabla hujakizoea ngurumo imerudi. Wewe unasema pop aliitupa; mimi naisikia humo nzima, haikupungua hata chembe. Wimbo mwingine wa albamu hiyo, Bloodmoney, uliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2021 ya metali, yaani ule muziki wa magitaa mazito, akawa mwanamke wa kwanza anayeimba peke yake, bila bendi, kufika hapo. Hakushinda, lakini mwaka 2024 alikwenda kupiga ukelele na bendi ya Knocked Loose, watu wa muziki mkali kweli kweli, na wimbo wao nao ukateuliwa. Aliyeshindwa pop, Mwanaisha, wale wangemwitia nini?

Nakuomba jambo moja: usiku, nyumba ikitulia, vaa visikilizi, uusikilize Concrete mpaka mwisho. Je, utanifanyia hilo? Ni ukelele wenyewe uliokuchukiza, au ni kule kubadilika ghafla? Na Kassim, yeye alisema nini nilipoondoka? Mbona hata wewe hukuniandikia?

Nakusubiri,
Rafiki yako Tatu