YAH: BOKSI LIMEANDIKWA A4, NDANI BOLTI ZA A2, NA DHARAU JUU

Kwa Meneja, Tawi la Moshi

Habari za kazi. Naandika kwa heshima, ingawa dukani kwenu mimi sikuipata. Oda mnayo, proforma mmeiandika nyie wenyewe kwamba ni bolti na nati za A4, ile stenlesi ya baharini, za kukaa chini ya maji ya bahari, kwa hiyo hapo sirudii.

Yule msimamizi wenu wa kaunta hata kuziangalia hakuziangalia. Kachukua sumaku kaigusisha kwenye bolti, haikunasa, akaniambia mbele ya wateja, "Mama, hiyo stenlesi, kamlete fundi tuongee naye, wewe hutaelewa." Fundi ni mimi! Karakana ya Majengo ni yangu. Na sumaku haitenganishi A2 na A4, zote mbili kwa kawaida hazinasi, yaani mtu anauza bolti hilo halijui?

Kichwani zimegongwa A2-70, kila mwenye macho anasoma. Hiyo ni 304, stenlesi ya kawaida, haina ile molibdeni, madini ya kuhimili chumvi, ya asilimia 2 mpaka 3 iliyomo kwenye 316, yaani A4, na ukiikaza kwenye maji ya chumvi inaanza kuliwa chini ya washa, ile pete inayokaa chini ya kichwa cha bolti, pale maji yametuama na hewa haifiki. Ndicho kilichotokea kwenye gati Tanga tulikozifunga. Mpiga mbizi kapanda na moja, kichwa kinang'aa kama kimetoka dukani jana, nimetoa washa nakuta vishimo, ncha ya msumari inazama. Boksi moja nati zake hata stenlesi sio, chuma kilichopakwa zinki, na nati ndogo ya chuma ikibana bamba kubwa la stenlesi baharini inaliwa yenyewe tena haraka, zimebaki kutu tupu.

Kabla sijaja niliwapigia, mkasema labda hatukufunga zinki za kuliwa, vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya bolti. Tulifunga, na zipo bado.

Nairudia hii maana bado inaniuma: kaunta imejaa watu, vijana wangu wa kazi wako nyuma yangu, mtu mzima anausukuma mfuko wangu mpaka bolti zinadondoka sakafuni, "kamlete fundi", watu wanacheka, nikainama nikaziokota mwenyewe. Pole hakuna aliyesema.

Nataka hela yangu. Tena hela peke yake haitoshi, nataka A4 halisi zenye cheti cha kiwandani, gharama ya mpiga mbizi na gari la Moshi mpaka Tanga mlipe nyie, na huyo msimamizi aje karakana aniombe radhi mbele ya vijana walewale. Ijumaa ikipita kimya, boksi na bolti zake vinaenda TBS na Tume ya Ushindani, risiti ya EFD ninayo. Picha za vile vichwa sisubirii hiyo Ijumaa, leo jioni ziko kwenye magrupu ya mafundi Moshi na Arusha, na jina la duka naliandika.

Mteja wenu,
Mwenye karakana, Majengo, Moshi