Asante sana, dada wa foleni ya dawa

Dada uliyekaa nasi Jumanne kwenye foleni ya dawa, Mungu akubariki sana. Binti yangu wa kidato cha pili alikuwa anataka kulia na kazi yake ya Kiingereza, na mimi sikuwa na la kumsaidia. Ukachukua kalamu, nyuma ya bahasha ukachora mstari: pale jambo lilipoanzia ni "since", yaani tangu 2019, urefu wa muda wenyewe ni "for", yaani kwa miaka mitatu. Akaelewa papo hapo! Kwenye swali la shairi, katika kazi hiyo hiyo, hukumpa jibu. Ulimuuliza tu nani anazungumza, na anamwambia nani, mpaka akaliona mwenyewe. Nikaitwa dirishani, kurudi umeshaondoka. Bahasha ile ameibandika ukutani, juu ya kitanda chake. Asante, mdogo wangu.