Paka wa gazetini ana mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Linahusu yale maandishi madogo yanayowekwa chini ya picha magazetini, "Picha: Intaneti". Mengine husema "Picha kwa hisani ya mtandao", kana kwamba mtandao ni mzee mmoja mkarimu anayekaa mlangoni akiwagawia wapita njia picha zake.

Mimi ni mchoraji wa kujitegemea. Sina mwajiri wala wakala. Nachorea kwenye kompyuta nyumbani, na mteja akichelewa kulipa, mwezi nao unachelewa kwisha. Hivi karibuni nilifunua gazeti moja, ambalo si lako na sitalitaja, nikakutana uso kwa uso na paka wangu.

Anaitwa Wino. Ni mweusi tii, na sikio lake la kushoto lilichanika nchani katika ugomvi wa zamani ambao hakushinda. Gazetini sikio lililochanika lilikuwa la kulia. Msanifu kurasa alikuwa ameupindua mchoro, ubavu wa kushoto ukawa wa kulia, nadhani ili paka atazame kichwa cha habari badala ya kutazama nje ya ukurasa. Kama kanuni ya kupanga ukurasa ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ila ile kona ya chini nilikotia jina langu ilikuwa imekatwa, na chini ya picha pakaandikwa "Intaneti". Habari yenyewe ilihusu minyoo ya paka. Naomba ieleweke kwamba Wino hupewa dawa ya minyoo kwa wakati wake.

Nahisi anayeandika maneno yale anaamini kwa dhati kwamba kompyuta ndiyo iliyochora, kwa hiyo hakuna mtu wa kutajwa. Basi nimweleze. Paka mweusi ni mtihani. Anayeanza kuchora huchukua rangi nyeusi akamjaza nayo, akabaki na shimo lenye umbo la paka. Ukikaa na paka mweusi karibu na dirisha utaona kwamba weusi wake ni wa namna nyingi: upande unaopokea mwanga wa anga una buluu, na akilala juani manyoya ya mgongoni hutoa wekundu wa kutu. Kwa hiyo naanza na kahawia nzito, juu yake naweka leya (yaani tabaka) ya vivuli, kisha leya ya mwanga, na nyeusi yenyewe naiacha kwa sehemu chache tu, kama chini ya kidevu na katikati ya jicho. Manyoya nayachora kwa kalamu ya kidijitali inayosikia uzito wa mkono: ukikandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Hakuna kitufe cha "manyoya". Zipo brashi zinazojidai kufanya kazi hiyo, lakini matokeo yake ni zulia.

Halafu kuna mguu wa nyuma, ambao umewaaibisha wengi. Watu huona kile kiungo kinachochongoka kuelekea nyuma wakadhani ni goti lililokunjwa kinyume. Kile ni kisigino. Paka hutembea kwa vidole, na goti lake halisi liko juu, karibu na tumbo, limefunikwa na manyoya. Usipolijua hilo, paka anakaa vibaya, na mtazamaji anakereka bila kujua kinachomkera. Masharubu huja mwisho. Yamepangwa safu nne kila shavu, na kila moja nalichora kwa mkupuo mmoja, mkono ukitokea begani, maana ukitumia kiwiko cha mkono tu au vidole, linatetemeka. Likitetemeka nafuta narudia. Hapo ndipo kompyuta inaponisaidia kweli: haichoki kufutwa.

Na mwenye kuchorwa hatulii. Leonardo da Vinci alijaza karatasi nzima paka wanaolala, wanaojilamba na wanaopigana, na kati yao akachomeka joka dogo. Karatasi hiyo ipo hadi leo kwenye hazina ya michoro ya kifalme huko Windsor, Uingereza. Kila nikiitazama nakala yake nafarijika, kwani naona hata yeye alikuwa akimkimbiza paka kwa kalamu.

Kompyuta yangu ni mpakato ya zamani iliyopita mikononi mwa wengine kabla yangu, na huwa naifungua mwenyewe. Kuitengeneza ni starehe yangu ya pili baada ya kuchora. Wino hupenda kulala pale hewa ya moto inapotokea, kwa hiyo manyoya yake huishia kwenye feni, na feni ikiziba, prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, hupata joto, ikipata joto inapunguza mwendo, na brashi inaanza kuburuzika nyuma ya kalamu. Basi nazima, natoa betri, nafungua skrubu, nasafisha mapezi ya kupoozea kwa brashi laini, nabadilisha ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka. Wakati huo Wino anakaa pembeni akinitazama kama mkaguzi. Yupo na mbwa pia, mzee, lakini yeye hulala chini ya meza na hadai chochote.

Narudi kwenye gazeti. Mchoro waliouchukua ni ule mdogo ninaouonyesha hadharani, wenye upana wa pikseli 600, yaani nukta 600 za rangi zinazounda picha. Kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi, pikseli 600 zinatosha upana wa inchi 2, yaani kama sentimita 5. Wao waliuvuta ukajaza safu tatu za gazeti. Yale masharubu yaliyochorwa kwa mkupuo mmoja yakawa ngazi. Isitoshe, karatasi ya gazeti hunywa wino. Nukta ikichapwa inatanuka, na vivuli vilivyokuwa vimeachana kwenye kioo cha kompyuta vinaungana kwenye karatasi. Buluu ikapotea, kahawia ikapotea, kikabaki kibonge cheusi chenye macho mawili. Mhariri, hili unalijua kuliko mimi. Laiti wangeniuliza, ningewapa faili kubwa, nikapandisha mwanga kwenye vivuli kwa ajili ya karatasi ya aina hiyo, na ningewageuzia paka mwenyewe, sikio likabaki mahali pake. Kuniuliza kungewapa picha bora. Nashangaa kwamba hoja hii haitajwi na yeyote pale tunapolalamika. Sikuzote tunaongelea haki, na ubora wa ukurasa unasahaulika.

Niliwaandikia. Nilijibiwa kwa adabu, lazima nikiri hivyo, na majibu yalikuwa mawili.

La kwanza: "Tuliikuta bila jina." Huenda ni kweli. Picha ikipita kwenye programu za kutumiana ujumbe hubanwa, na maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, ambamo mtunzi huandika jina lake, mara nyingi hufutwa. Watu nao huikata kona wakaituma tena. Lakini kuna utafutaji wa kutumia picha badala ya maneno: unaipakia picha, unaonyeshwa mahali pengine ilipotokea, na kwa kawaida ile kubwa kuliko zote ndiyo iliyo karibu na mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache. Mwandishi hawezi kuchapisha nukuu ya waziri akaandika "Maneno: Mtaani". Atatafuta nani kasema, na akikosa ataiacha. Picha isiyojulikana mtunzi wake nayo iachwe.

La pili ndilo lililonifanya niandike barua hii: "Ilikuwa ya bure." Hapa pana mchanganyiko mkubwa. Programu ninayoitumia kusahihisha rangi, GIMP, ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na tangu hapo watu wengi wameiongezea kazi yao bila kunidai chochote. Lakini fungua dirisha lake la "Kuhusu" uone: majina ya walioiandika yanapita moja baada ya jingine. Leseni yake inaruhusu kunakili, kubadilisha, hata kuuza, lakini hairuhusu kufuta tangazo la hakimiliki la walioitengeneza. Leseni za Creative Commons zilizoanza mwaka 2002, ambazo mtunzi huziweka kwenye kazi yake kuruhusu itumiwe, nazo ni hivyo hivyo: zile zenye alama ya BY, ambazo ndizo zinazotumika sana, zinakuruhusu kuchukua kazi bure kwa sharti la kumtaja mtunzi. Anayetaka kuachia kila kitu, pamoja na jina, kawekewa CC0, na huichagua mwenyewe. Mimi sikuichagua.

Wala si jambo lililoletwa na kompyuta. Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za fasihi na sanaa ni wa mwaka 1886. Ulipopitiwa upya Berlin mwaka 1908 uliondoa sharti la kusajili kazi ili ilindwe, na huko Roma mwaka 1928 kikaongezwa kipengele kinachompa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, hata kama ameshauza haki zake za kipato. Yaani unaweza kuninunulia mchoro wote na bado jina likabaki langu. Na kabla ya mikataba kulikuwa na Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani aliyekuwa akiweka herufi A na D kwenye chapa zake, yaani picha alizochonga ili zichapwe. Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii katika karne ya 16, anasimulia kwamba Marcantonio Raimondi, mchonga chapa wa Italia, alinakili chapa za Dürer pamoja na zile herufi, na kwamba Dürer alifunga safari hadi Venice kushtaki. Alichopata, anasema Vasari, ni amri ya kumzuia Marcantonio kutumia herufi zile tu. Kunakili kukaendelea. Ninapoisoma habari hiyo huwa nawaza jinsi zama zilivyogeuka: yeye walimwibia jina pamoja na picha, mimi wanachukua picha na jina wanalitupa. Sijui kipi kinauma zaidi. Angalau Marcantonio alijua lile jina lina thamani.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi tatizo limekwisha, gazeti litaagiza paka kwa akili mnemba na hakuna wa kulalamika. Sawa, ni uamuzi wao. Lakini msomaji naye ana haki ya kujua anatazama nini, na namna ya kumjulisha ni ile ile ya kuandika chini ya picha imetoka wapi na imetengenezwa na nani au nini. Neno "Intaneti" halimsaidii hata hapo.

Sidai malipo kupitia barua hii. Hilo nitalimaliza na wahusika. Ninachoomba kwako, Mhariri, ni mambo madogo ambayo chumba cha habari kinaweza kuyaanza kesho asubuhi. Jina la mchoraji liandikwe palepale linapoandikwa la mpiga picha, kwa herufi za ukubwa uleule. Jina lililotiwa kwenye kona lisikatwe; ukurasa ukibana, ipunguzwe picha nzima. Mchoro usipinduliwe bila kumuuliza mwenyewe, hasa kama ni wa kiumbe anayejulikana kwa sikio lake. Na "Picha: Intaneti" ifutwe kabisa kwenye orodha ya maelezo yanayokubalika, ili msanifu aliyechelewa kazini, saa nne usiku, asiwe na neno rahisi la kukimbilia. Naijua saa hiyo, nami huwa macho nikichora, na najua mtu hufanya lile lililo jepesi.

Ukihitaji paka kwa ukurasa wako wowote, niandikie. Nitajie upana wa safu, aina ya karatasi, na upande unaotaka atazame. Wino ninaye katika mikao mingi. Mbwa pia anapatikana, ila huyo inabidi nimsubiri asinzie, maana akiona namtazama anadhani tunatoka.

Wako,
Mchora Paka
(hilo ndilo jina ninalotia kwenye michoro yangu, la kuzaliwa nimekupa kwa kumbukumbu za ofisi)