Ripoti ya saratani ya koo itaje na hali ya kinga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ripoti za maabara za saratani za kinywa, koo na zoloto. Nyingi ya zinazopita mikononi mwangu huishia kwenye jina la ugonjwa, ukubwa wa uvimbe na kama umefika kwenye tezi za shingo.

Kazi yangu ni kuandaa slaidi. Kipande cha nyama kikishapakwa rangi na kuwekwa kwenye hadubini, mafungu ya seli za saratani huonekana ya waridi, na kwa baadhi ya wagonjwa huwa yamezingirwa na vitone vya zambarau vilivyosongamana hadi kupenya katikati yake. Vitone hivyo ni limfosaiti, chembe za kinga ya mwili. Kwa wengine vimebaki pembezoni, kana kwamba vimezuiwa mlangoni. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa limfosaiti zikijaa ndani ya uvimbe, hasa za aina ya CD8 zinazoua seli zilizoharibika, kwa kawaida mgonjwa huishi muda mrefu zaidi. Kuliandika hilo hakuhitaji mashine mpya. Ni sentensi moja tu.

Damu nayo ina neno. Nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe za damu, zikizidi sana limfosaiti, mara nyingi matarajio huwa mabaya, ingawa meno yaliyooza, ambayo wagonjwa hawa wanayo sana, nayo hupandisha nyutrofili, hivyo uwiano huo usisomwe peke yake.

Kwa saratani ya tonsili na shina la ulimi, ningeomba kipimo cha p16, protini inayoashiria saratani iliyotokana na virusi vya HPV. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, asilimia 82.4 ya wenye saratani ya HPV walikuwa hai baada ya miaka 3, dhidi ya asilimia 57.1 ya wenye saratani isiyotokana na HPV. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba toleo la 8 la mwongozo wa kimataifa wa hatua za saratani limeyatenga makundi haya mawili.

Siku hizi ndugu wa wagonjwa huja wakiulizia kipimo cha PD-L1, protini inayoisaidia saratani kuikwepa kinga ya mwili, na siwalaumu. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa, kwa wagonjwa ambao saratani yao imerudi au imesambaa na alama yao ya PD-L1 ni 20 au zaidi, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14.9 kwa waliotumia pembrolizumab, dawa inayoizuia saratani kuikwepa kinga hiyo, dhidi ya miezi 10.7 kwa waliopewa tiba iliyozoeleka wakati huo. Lakini kipimo hicho kazi yake kubwa ni kuchagua dawa, na dawa yenyewe wengi hawaimudu, ilhali p16 na limfosaiti zina cha kumwambia daktari hata pale tiba iliyopo ni upasuaji na mionzi tu.

Ombi langu kwa madaktari wa patholojia ni mistari miwili katika fomu: wingi wa limfosaiti ndani ya uvimbe, na p16 pale inapohusika. Nao wanaomsomea mgonjwa majibu wamweleze kwamba takwimu hizi zimetokana na makundi ya watu, wala hazihesabu siku zake yeye.

Mtaalamu wa maabara,
Dar es Salaam