Dada Anayemtunza Mzee Naye Hulala Saa Ngapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niandike juu ya watu ambao hapa Kigoma Ujiji wanazidi kuwa wengi lakini hawatajwi popote, yaani mabinti na kina mama wanaoajiriwa kuishi ndani ya nyumba za wazee wetu ili wawaogeshe, wawalishe, wawageuze kitandani na kulala nao chumba kimoja. Tunawaita dada wa kazi, kama tunavyomwita yule anayefua na kupika, na kwa kuwa jina ni moja tunadhani kazi nayo ni moja. Nilikuja kujua kwamba sivyo baada ya mama yangu mzazi kuumia.

Mama anaishi Ujiji katika nyumba aliyoijenga na marehemu baba, yenye uani mpana, mwembe, na choo kilicho nje, mbali kidogo na mlango wa nyuma. Watoto tuko wanne: mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Mwanza, mmoja Dodoma, na mimi niliyebaki karibu ninafundisha shule na kuishi Mwanga. Mama alipopata kiharusi miaka mitatu iliyopita, upande wa kulia ulipooza na maneno yakawa machache. Tulifanya kikao cha familia kwa simu, tukapanga michango, tukampigia dalali anayeleta wafanyakazi wa ndani kutoka vijijini, na baada ya siku tatu akashuka kwenye basi la Kasulu binti wa miaka 17, mpole na mwenye adabu, ambaye alipiga magoti kumwamkia mama. Tulimpa godoro sakafuni kando ya kitanda cha mgonjwa, tukamwonyesha dawa za presha, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake akiwa na amani. Mshahara tuliomwekea ulikuwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza binti huyo atapumzika lini.

Mwezi wa nne mama alianza kuguna kila alipoguswa kiunoni. Nilipomfunua niliona kidonda juu kidogo ya makalio, kwa nje kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda, lakini ndani kilikuwa kimechimba. Binti alianza kulia kabla sijasema neno. Alikuwa ameona ngozi ikibadilika rangi wiki mbili kabla, akawa anaisugua kwa mawese kila jioni kama alivyoona kwao wakifanyiwa wagonjwa, akiamini kwamba anatibu. Muuguzi aliyekuja nyumbani kukisafisha alitueleza, bila kutufokea, kwamba ngozi inayobanwa muda mrefu kati ya mfupa na godoro hukosa damu ikafa, na kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi dalili ya kwanza si lazima iwe wekundu, bali sehemu iliyobadilika rangi, ikawa ya moto au ngumu kuliko ngozi inayoizunguka. Kuisugua sehemu hiyo huiumiza zaidi. Kinachotakiwa ni kumweka mgonjwa katika hali ya ukavu, kumlisha vizuri, na kumgeuza kila baada ya saa 2, usiku na mchana.

Kila baada ya saa 2 ni mara 12 kwa siku. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii, kwa sababu nilipoiweka kando ya sheria za nchi niliona jambo ambalo familia nyingi hatujaliona.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu mfanyakazi wa nyumbani kama inavyomhusu karani wa ofisini. Inataka saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kabla ya kuanza kazi tena, apate saa 24 za mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kwa anayeishi mahali pa kazi, zile saa 12 zinaweza kupunguzwa hadi 8, lakini kwa makubaliano ya maandishi. Sasa tuseme mwangalizi wa mzee amepewa hizo 8, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ndani ya muda huo mzee anatakiwa ageuzwe walau mara 3, na akijisaidia kitandani abadilishwe pia. Anayeamshwa mara 3 au 4 kila usiku hajapumzika, na kesho yake ndiye tunayemtegemea apime dawa kwa usahihi na amshike mzee asianguke. Kwa hiyo mzee asiyeweza kujigeuza hawezi kutunzwa na mtu mmoja, hata mtu huyo awe na moyo gani. Familia inayomwachia mtu mmoja kazi hiyo ama inavunja sheria ama inamwacha mzee aoze upande mmoja, na sisi tulifanya yote mawili.

Nimewasikia watu wazima, tena wenye elimu, wakisema kwamba dada anakula na kulala bure, kwa hiyo asilalamike. Kulala katika nyumba ya mwajiri si zawadi pale ambapo analazwa humo ili awe tayari kuitwa. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na shilingi 120,000 kwa asiyeishi humo. Ukiisoma utaona inatofautisha mwajiri ni nani na mfanyakazi analala wapi, lakini haimtofautishi anayefagia uani na anayemuuguza mtu aliyepooza. Naamini hilo ni pengo, na chama cha wafanyakazi cha CHODAWU, ambacho wafanyakazi wa majumbani ni sehemu yake, kingefanya jambo jema kulisemea. Sisi wenyewe, hata hivyo, hatukuhitaji kusubiri amri, kwa maana tulikuwa tukilipa chini hata ya kiwango hicho.

Tena kazi yenyewe ina mambo ambayo mtu hawezi kuyajua kwa huruma peke yake. Mgonjwa wa kiharusi akilishwa akiwa amelala, chakula au uji unaweza kupita njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu, kwa hiyo aketishwe wima, alishwe kidogo kidogo upande ulio mzima, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kumaliza. Mama alikuwa akikohoa kila mlo na tukadhani ni mafua yanayoletwa na upepo wa ziwani. Mkono uliopooza nao usivutwe wakati wa kumnyanyua, kwa sababu misuli ya bega imelegea na bega huweza kuteguka. Binti wetu alikuwa akimwinua mama kwa kumvuta mikono yote miwili, nami niliwahi kumsaidia kwa namna hiyohiyo. Angeyajulia wapi, ikiwa mimi mwenye shahada sikuyajua?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inasema familia ndiyo itakayoendelea kuwa msingi wa matunzo ya wazee, na makazi ya wazee yawe kimbilio la mwisho kwa wasio na mtu. Nakubaliana nayo kwa moyo wote. Nimewahi kufika makazi ya Ipuli pale Tabora, na sitamani mzee mwenye watoto apelekwe mahali kama hapo kwa sababu tu watoto wamechoka. Lakini sera iliandikwa kana kwamba familia bado zinaishi uani mmoja. Leo vijana wa mwambao wa ziwa wako kwenye makambi ya dagaa, au wamepanda treni kwenda kutafuta maisha, na katika vijiji kama Kagunga kaskazini na Kalya kusini, ambako hadi sasa watu wengi husafiri kwa boti, mtoto aliye mbali hawezi kufika siku anayopigiwa simu. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wenye miaka 70 na kuendelea, kwanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara bado hatuna pensheni ya namna hiyo, kwa hiyo matunzo ya mzee ambaye hakuwahi kuajiriwa hutoka mfukoni mwa watoto, na mfuko ukipungua, anayepunjwa kwanza ni dada wa kazi.

Ombi langu la kwanza liende kwa Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma Ujiji na halmashauri nyingine za mkoa wetu. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024, na watu hao wanaingia majumbani. Kupitia kwao, na kwa kushirikiana na maofisa ustawi wa jamii wa kata, yangeweza kuandaliwa mafunzo mafupi kwenye vituo vya afya kwa kila anayeishi na mzee nyumbani, awe ndugu au mwajiriwa: kumgeuza, kumlisha, kumnyanyua, kutambua kidonda kabla hakijafunguka, na dalili za kumkimbiza hospitali. Wanawake waliokwisha kufunzwa wangeweza kuunda vikundi na kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, wanunue makintoshi (mipira ya kutandika kitandani), magodoro na viti vya magurudumu vya kukodisha kwa familia zisizomudu kununua. Kikundi kinachofahamika pia ni rahisi kwa familia kukiamini kuliko dalali ambaye akishapokea chake hapokei tena simu.

Ombi la pili ni kwetu watoto, nalo halihitaji bajeti ya serikali. Baada ya kidonda kile binti alirudi kwao Kasulu. Tulimlipa mishahara yake pamoja na kilichopungua, tukampa nauli, na nilimwomba radhi mbele ya mama. Kisha tulimpata mama mmoja wa Mwandiga, mtu mzima, aliyewahi kumuuguza mama yake mwenyewe, tukaandikiana kwenye karatasi saa za kazi, mshahara, likizo na siku ya kwenda nyumbani. Anaanza saa 1 asubuhi na ana mapumziko mchana mama akisinzia. Usiku mama ni wetu. Mtoto wa marehemu shangazi analala pale siku nne kwa wiki na tunamlipa, siku tatu nalala mimi, na ndugu zangu walio mbali huja kwa zamu wakati wa likizo zao na kulala chumba hicho hicho kwenye godoro lile lile, na saa ikilia huamka kama mimi. Kaka yetu wa Dodoma, ambaye mwanzoni aliona mshahara tuliokubaliana ni mkubwa, alilala huko usiku mbili na hajausemea tena.

Kidonda kilichukua miezi mitano kufunga. Mama sasa anaweza kusema majina yetu, na kumwita yule mwangalizi wake "mwanangu". Kila Jumamosi saa 6 mchana huyo mama huchukua kikapu chake, humuaga mama, na kupanda gari la Mwandiga hadi Jumapili jioni, na mimi hushika zamu.

Wako,
Mwalimu na msomaji wa gazeti hili,
Mwanga, Kigoma.