Kwani kuandika "ya sauti" kwenye bahasha ni kazi?

Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Hili jambo la kupewa dawa bila kuambiwa ni ya nini wala itakuletea maudhi gani linanikereketa tangu mwaka jana na kila nikilisema naonekana nawasema madaktari.

Mdogo wangu alianza kusikia sauti, halali, anaongea na ukuta, tukampeleka hospitali (sitaitaja) akaandikiwa haloperidoli, dawa ya kutuliza hizo sauti. Dirishani tukapewa vidonge kwenye kibahasha kimeandikwa 1x2, basi, mwingine apite. Siku ya pili jioni shingo ikaanza kupinda, macho yamepanda juu hayashuki, ulimi mzito hata mate hamezi. Shangazi akasema si mnaona, jini limekasirika. Akaitwa maalimu, usiku kucha kisomo na ubani, kijana analia na shingo imekakamaa vilevile mpaka asubuhi jirani mmoja aliyewahi kuuguza mtu akatuambia hiyo ni dawa, mrudisheni. Tumefika, sista wala hakushtuka, kamchoma sindano na haikupita nusu saa shingo imerudi, ndo tukaongezewa na vidonge vya Artane vya kuzuia shingo isikaze tena. Nikamuuliza kwa hiyo mlikuwa mnajua? Akasema eeh inatokea, hasa kwa vijana wa kiume siku za mwanzo mwanzo.

Sasa kama mlikuwa mnajua si mngetuambia! Wenyewe wanaita maudhi madogo madogo. Njoo ukae na mtu macho yamegeukia darini halafu uniambie udogo wake uko wapi.

Nimeshaambiwa sababu, eti mgonjwa akitajiwa maudhi atakataa dawa. Mdogo wangu alikataa kwa sababu hakutajiwa. Miezi minne hakugusa kidonge, anaamini tulitaka kumuua, sauti zikarudi na safari hii zinamwambia asile chakula cha nyumbani. Baadaye tukapata daktari mwingine akambadilishia olanzapini, yeye alikaa na sisi kama dakika tano tu akasema hii itampa njaa sana na usingizi, atanenepa, sukari inaweza kupanda kwa hiyo mpimeni uzito na sukari, na msiikatishe ghafla hata akionekana kapona. Kweli bana, kijana anakula sufuria! Lakini hakuna aliyeita maalimu, tulipunguza soda na ugali wa usiku tukanunua mzani, na dawa anameza mwenyewe bila kusukumwa.

Halafu kuna hili la dawa ni ya nini. Bi mkubwa ana kisukari, miguu inamuwaka moto usiku kama kapakwa pilipili, akapewa amitriptilini kidogo kidogo ya kumeza usiku. Mjukuu akaiangalia kwenye simu akasoma kwa sauti, dawa ya sonona. Weeh! Mama akalia kumbe wananiona chizi, vyote vikaenda chooni. Kumbe hiyo hiyo kwa dozi ndogo inatuliza mishipa ya fahamu iliyoumizwa na sukari, na mdomo kukauka na choo kuwa kigumu ni kawaida yake. Kabamazepini nayo hivyo hivyo, mmoja anapewa ya kifafa, mwingine ya ugonjwa wa kupanda na kushuka hisia, mwingine ya maumivu ya mshipa wa uso, na wote wakikutana kwenye foleni wanaangaliana vibaya.

Dawa za sonona kama fluoksetini ndo zinanisikitisha zaidi maana kichefuchefu kinakuja wiki ya kwanza, nafuu inakuja baada ya wiki mbili mpaka nne au zaidi, sasa asiyeambiwa si anaacha siku ya tano akisema hazifai? Na mabinti wanaopewa valproeti, nayo ni dawa ya kifafa, waambiwe kabla ya kuanza kwamba inaweza kumdhuru mtoto tumboni, sio waambiwe kliniki ya wajawazito.

Foleni naijua, nimeikalia. Ila pale kwenye bahasha chini ya 1x2 pana nafasi ya kuandika "ya sauti" au "ya miguu kuwaka", na chini yake "shingo ikikaza rudi haraka". Mfamasia akishindwa kalamu nitamletea mimi, boksi zima.

Msomaji wako,
Tanga