Unahodha wa pamoja uwe na mwenye neno la mwisho

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nichangie mjadala ambao hapa Kigoma huibuka kila timu inapopoteza mechi mbili au tatu mfululizo, yaani iwapo klabu kuwa na manahodha wawili au zaidi wenye hadhi sawa kunainua kiwango chake au kunakishusha. Wengi huumaliza mjadala huu kwa methali ya manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo naiheshimu, lakini unahodha wa timu ya mpira siku hizi una kazi nyingi mno kwa mtu mmoja kuzimudu zote. Msimamo wangu ni kwamba kazi hizo zinaweza kugawanywa, tena ni vyema zigawanywe, isipokuwa moja tu, nayo ni kukata shauri uwanjani. Klabu inayoigawa hiyo nayo inajitafutia balaa.

Kwa mujibu wa sheria za mchezo, nahodha hana hadhi wala upendeleo wowote wa pekee, bali ana kiasi fulani cha wajibu juu ya mwenendo wa wenzake. Kwa maandishi, basi, ni mtu wa kurushiwa shilingi kabla ya mechi kuanza. Hali ilianza kubadilika katika fainali za Ulaya za mwaka 2024 kule Ujerumani, ambako ni nahodha pekee aliyeruhusiwa kumfuata mwamuzi kuomba ufafanuzi, na mchezaji mwingine aliyemzonga alionyeshwa kadi ya njano. Tangu hapo IFAB, chombo kinachotunga sheria za soka, kimetoa mwongozo wa utaratibu huo kwa mashindano mengine, pamoja na kifungu kwamba nahodha akiwa kipa, timu imtaje mapema mchezaji mwingine asiye kipa atakayezungumza na mwamuzi kwa niaba yake. Panapotumika utaratibu huo, manahodha wawili wanaomkimbilia refa kwa pamoja ni nahodha mmoja na kadi moja ya njano.

Madhara ya mamlaka yasiyo na mpaka nimeyaona kwa karibu katika timu moja ya Ujiji, ambayo sitaitaja, ilipokuwa ikishiriki ligi ya mkoa. Ndani ya kikosi kulikuwa na makundi mawili, la vijana waliokulia pamoja mtaani na la wale waliosajiliwa kutoka wilaya nyingine, na viongozi, badala ya kuyapatanisha, waliteua nahodha kutoka kila upande wakatangaza kwamba wote wawili wana sauti sawa. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kwa kuwa timu inaposhinda hakuna anayeuliza nani kaamua nini. Kisha ikaja siku tukapata penalti tukiwa nyuma kwa bao moja na dakika zimebaki chache. Nahodha wa kwanza, beki wa kati, aliuokota mpira akamkabidhi mshambuliaji aliyezoea kupiga penalti mazoezini. Wa pili, kiungo, akaufuata mpira palepale kwenye alama, akaubana kwapani na kumwita mchezaji mwingine. Kocha alipiga kelele kutoka kwenye benchi, lakini kila mmoja alisikia jina alilotaka kulisikia. Kijana aliyepiga hatimaye alikuwa amesimama pale muda wote akiwatazama wakubwa zake wakibishana, na mpira wake ulipaa juu ya lango.

Penalti hukoswa hata na timu zenye nahodha mmoja, kwa hiyo tukio lile lisingenishughulisha sana kama lisingefuatwa na suala la posho. Kila nahodha alikwenda kwa kiongozi wake, wakarudi na majibu mawili tofauti, na wiki ile nusu ya kikosi ilifika mazoezini na nusu ikabaki nyumbani ikisubiri fedha. Hapo ndipo kiwango kilipoporomoka, wala si kwa sababu ya vitambaa viwili vya unahodha mikononi, bali kwa sababu hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye wachezaji wote wangekubali kwamba jibu lake ndilo jibu.

Jambo ambalo watoa hoja wengi hulisahau ni kwamba mara nyingi mpasuko ndio unaozaa manahodha wengi. Klabu yenye amani hupata nahodha wake bila mjadala. Yenye makundi hugawa kitambaa ili kila kundi liridhike, kisha matokeo yakiharibika lawama hutupiwa kitambaa. Anayehesabu ushindi na vipigo bila kutazama hali iliyokuwepo kabla ya uteuzi atachukua dalili akaiita ugonjwa.

Mfano mzuri ni Arsenal ya Unai Emery. Msimu wa 2018/19 kocha huyo aliteua manahodha watano, ambao ni Laurent Koscielny, Petr Cech, Aaron Ramsey, Mesut Özil na Granit Xhaka. Timu ilimaliza ligi katika nafasi ya tano na ikafika fainali ya Ligi ya Europa, ambako ilifungwa na Chelsea mabao 4-1 mjini Baku. Huo si msimu wa kujivunia sana kwa klabu ile, lakini si wa timu iliyovunjika pia. Mambo yaliharibika msimu uliofuata, na ukitazama kwa makini utaona kwamba kufikia wakati huo Cech alikuwa amestaafu, Ramsey amehamia Juventus, na Koscielny ameondoka baada ya kukataa kusafiri na timu kwenda Marekani kwa maandalizi. Watatu kati ya watano hawakuwepo tena. Xhaka, aliyetangazwa nahodha mwezi Septemba 2019 baada ya wachezaji kupiga kura, alizomewa na mashabiki wa nyumbani alipotolewa katika mechi dhidi ya Crystal Palace mwezi Oktoba, akawajibu kwa hasira, akavuliwa unahodha, na kabla Novemba haijaisha Emery mwenyewe akafukuzwa. Kwa maoni yangu, kilichoiangusha timu ile ni kuondokewa na watu wazima wake kwa mkupuo, na timu ya nahodha mmoja ingeanguka vilevile.

Kwa upande wa timu za taifa, Brazil ya mwaka 2014 ilimtegemea mno Thiago Silva, naye alipokosa nusu fainali kwa kadi, Ujerumani iliwafunga mabao 7-1 huku kitambaa kikiwa mkononi kwa David Luiz. Kocha Tite alipokuja aliugeuza unahodha kuwa wa zamu, na katika Kombe la Dunia la mwaka 2018 kitambaa kilivaliwa na Marcelo, Thiago Silva na Miranda. Safari yao ikakomea robo fainali mbele ya Ubelgiji. Kinachoumiza zaidi ni kumnyang'anya mtu heshima yake bila maelewano, kama Cameroon walivyofanya mwaka 2009 kocha Paul Le Guen alipouondoa unahodha kwa Rigobert Song na kumpa Samuel Eto'o. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia kule Afrika Kusini, Cameroon walipoteza mechi zao zote tatu.

Hapa nyumbani Yanga wametuonyesha namna ya kugawana bila kugombana. Bakari Mwamnyeto amekuwa nahodha, na siku ambazo hakuanza, Dickson Job alivaa kitambaa bila mtu kuuliza maswali, kwa kuwa mpangilio ulikuwa unajulikana. Klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu misimu minne mfululizo kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Sidai kwamba ubingwa uliletwa na kitambaa, ila ni dhahiri kwamba nahodha kukaa benchi hakukuitikisa timu.

Kwa timu zetu za mikoa ya mbali suala hili lina uzito wa pekee. Mashujaa, waliopanda Ligi Kuu msimu wa 2023/24 na wanaoutumia Uwanja wa Lake Tanganyika, wakienda kucheza Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000, na safari ya namna hiyo ina mambo ya chakula, malazi, majeraha na vijana wanaoondoka nyumbani kwa mara ya kwanza. Ni haki nahodha awe na wenzake wa kumsaidia kubeba mzigo huo. Lakini siku kama ile ya mwaka 2024, Mashujaa walipoitoa Simba katika Kombe la Shirikisho la Tanzania kwa mikwaju ya penalti hapa Kigoma, shilingi hurushwa kuchagua lango, kisha hurushwa tena kuamua nani aanze kupiga, na anayejibu ni mmoja.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Ligi izitake klabu ziwasilishe, pamoja na orodha ya wachezaji kabla ya msimu, majina ya nahodha wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa mpangilio, na mpangilio huo usibadilishwe katikati ya msimu isipokuwa kwa majeraha, uhamisho au kosa la nidhamu. Majukumu ya nje ya uwanja klabu ziyagawe zitakavyo, ilimradi wachezaji waambiwe mbele ya wote nani anapeleka madai ya posho na nani anawalea wageni. Chama cha soka cha mkoa wetu nacho kingeweza kuanza na ligi ya mkoa msimu ujao, kwa kuwa huku chini ndiko makubaliano mengi yanakobaki ya mdomo, na fomu ya ukurasa mmoja ingetosha.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma